Nani Kaileta Baridi Yabisi Nyumbani?

Wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana, na hasa ninyi wagonjwa mliojikongoja kufika hapa asubuhi, saa ambayo vidole vinauma kuliko saa zote: shikamooni, na ahsanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie urithi na ugonjwa wa baridi yabisi. Nitaanza na swali ninaloulizwa kliniki karibu kila wiki. Mama ameshapimwa, ameambiwa ana nini, ameandikiwa dawa. Anainuka kwenye kiti, kisha anakaa tena. "Daktari, na wanangu je?" Akiwa amesindikizwa na mume au mama mkwe, swali huja kwa sura nyingine: "Huu ugonjwa umetoka upande gani?" Yote mawili ni maswali ya haki. Na yote mawili yana majibu, kwa sababu kuna watu wameyafanyia kazi kwa karibu miaka hamsini.

Jibu la swali la kwanza nalitoa mapema ili mwenye hofu apumue. Katika watu wazima 100, mwenye baridi yabisi ni mmoja, na sehemu nyingine hafiki hata mmoja. Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja anaugua, uwezekano wake wa kuugua ni kama mara tatu ya mtu mwingine. Mara tatu ya kitu kidogo bado ni kidogo. Watoto walio wengi mno wa wagonjwa wetu watazeeka na vidole vyao vizima. Hata hivyo mara tatu ni mara tatu, siwezi kuifanya iwe moja, ndiyo maana sikuja kuwaambia tu kwamba msiwe na wasiwasi.

Kwanza tuelewane tunasema ugonjwa gani, maana mtaani kila maumivu ya kiungo huitwa baridi yabisi. Mzee wa miaka 70 ambaye magoti yanamlalamikia akipanda ngazi, mara nyingi gegedu, ule mto unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika. Bwana aliyeamka usiku wa manane kidole gumba cha mguu kinawaka moto, huenda ni jongo. Ugonjwa ninaousema leo una sura yake. Nyoosheni mikono mbele. Tazameni vifundo vinavyounganisha vidole na kiganja, na vile vya katikati ya vidole. Kwa mgonjwa, aghalabu vifundo vya kidole cha shahada na cha kati ndivyo vinavyoanza kuvimba. Ukiviminya vinabonyea na vina joto, havina ule ugumu wa mfupa. Mtu akikunja ngumi, yale mabonde kati ya kifundo na kifundo hujaa yakapotea. Na mkono wa pili vivyo hivyo. Asubuhi vidole havikunjiki kwa saa nzima au zaidi: kufunga kifungo ni kazi, kukamua nguo ni kazi, unga wa chapati haukandiki. Jua likipanda vinalegea kidogo.

Ndani kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inaushambulia utando laini unaokizunguka kiungo. Utando unanenepa, unalila gegedu, kisha unauingilia mfupa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na katika kila wagonjwa kumi, saba ni wanawake.

Sasa tuje kwenye urithi wenyewe. Njia ya kuaminika ya kupima nguvu ya urithi ni kuwatazama mapacha. Wapo mapacha wa kufanana, waliotoka kwenye yai moja, ambao vinasaba vyao, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, ni vilevile. Wapo wasiofanana, ambao ni ndugu wa kawaida waliokaa tumboni wakati mmoja. Huko Finland na Uingereza watafiti waliwatafuta mapacha ambao mmoja wao ana baridi yabisi, wakauliza: na mwenzake je? Kwa wasiofanana, mwenzake naye aliugua kwa asilimia 3 na nusu hivi. Kwa wanaofanana, ilikuwa asilimia 12 Finland na asilimia 15 Uingereza.

Naomba tukae hapa kidogo, maana namba hizi zinasema mambo mawili kwa pamoja, na watu wengi husikia moja tu. Kutoka tatu na nusu hadi kumi na tano ni tofauti kubwa, na kilichobadilika ni vinasaba. Kwa hiyo urithi upo, anayesema haupo amekosea. Lakini geuza namba uitazame upande wa pili. Katika jozi 100 za mapacha wa kufanana, ambamo mmoja anaugua, wenzao 85 walikuwa hawana ugonjwa. Vinasaba vilevile, tumbo lilelile, mara nyingi nyumba ileile na chungu kilekile. Mmoja vidole vimepinda, mwingine anashona cherehani bila taabu. Ukirithi, umerithi wepesi wa kuupata. Ugonjwa wenyewe haurithiwi kama jina la ukoo.

Mtasoma kwenye simu zenu kwamba baridi yabisi ni ya kurithi kwa asilimia 60. Namba hiyo ipo kweli, ilitokana na hesabu za mapacha haohao zilizochapishwa mwaka 2000. Haina maana kwamba mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 60 wa kuugua. Inazungumzia kundi zima la watu: kwa nini huyu ana wepesi wa kuugua na yule hana, na katika tofauti hiyo, vinasaba vinaeleza sehemu gani. Namjua binti aliyeahirisha kuzaa kwa miaka kwa sababu aliisoma namba hiyo vibaya na hakuwa na mtu wa kumfafanulia. Jambo hilo linaniuma, na ni mojawapo ya sababu za mimi kusimama hapa.

Vinasaba vyenyewe ni vipi? Mwaka 1978, daktari mmoja wa Dallas katika jimbo la Texas, Peter Stastny, alichapisha matokeo yaliyofungua njia. Alizipima alama fulani kwenye chembe nyeupe za damu, jamii ya zile alama zinazolinganishwa kabla mtu hajapandikizwa figo. Alama moja, iliyoitwa DRw4, aliikuta kwa asilimia 70 ya wagonjwa wake, na kwa asilimia 28 tu ya watu wasio na ugonjwa aliowalinganisha nao. Jeni, yaani kinasaba, inayotengeneza alama hiyo iko kwenye kromosomu ya sita, mmoja wa nyuzi zinazobeba vinasaba, katika eneo liitwalo HLA. Hadi leo, katika yote yaliyogunduliwa, hakuna eneo lenye uzito kulizidi hilo.

Ila palikuwa na fumbo. Wagonjwa wengine hawakuwa na DRw4, walikuwa na alama tofauti kabisa. Mwaka 1987, Peter Gregersen, Jack Silver na Robert Winchester walizilinganisha protini za makundi hayo herufi kwa herufi, wakaona kwamba zinatofautiana kwingi lakini zinalingana mahali pamoja: asidi za amino tano tu, yaani vijenzi vitano vya mnyororo wa protini, kuanzia namba 70 hadi 74. Protini ni ndefu, na hapo pafupi ndipo penye siri.

Niazimeni macho. Kingeni kiganja hivi, kama mtu anayepokea karanga. Protini ya HLA imeumbwa hivyo, ina bonde, na kazi yake ni kubeba vipande vidogo vya protini na kuvionyesha kwa chembe za kinga ziitwazo seli T. Kipande ni cha mwili wenyewe? Seli T hupita. Ni cha kijidudu? Hushambulia. Umbo la bonde ndilo linaloamua kipande gani kitatulia na kipi kitateleza. Na zile asidi tano ziko ukingoni mwa bonde, pembeni ya kijishimo kimoja.

Kwa wenye toleo la hatari la protini hiyo, lile lenye asidi tano nilizozitaja, kijishimo hicho kina chaji chanya ya umeme. Sasa kuna asidi ya amino iitwayo arjinini, iliyojaa katika protini zetu, ambayo nayo ina chaji chanya. Chanya kwa chanya husukumana, kwa hiyo arjinini haikai. Lakini mahali penye uvimbe, vimeng'enya vya mwili, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, huigeuza arjinini kuwa sitrulini, na katika kugeuka huko chaji inapotea. Sitrulini inaingia kwenye kijishimo na kutulia. Seli T zinaonyeshwa kitu ambacho hazikuzoea kuonyeshwa, zinakidhania kigeni, zinaamsha wenzake, na kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutumia kushambulia adui, zinatengenezwa dhidi ya protini zetu wenyewe. Hizo kingamwili ndizo tunazozitafuta maabara tunapokuandikia kipimo cha anti-CCP. Mimi nimeyasoma haya mara nyingi na bado yananistaajabisha, kwamba mama anashindwa kufunga kifungo cha gauni, na sehemu ya chanzo ni chaji ya umeme kwenye kijishimo kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida.

Na bado toleo hilo peke yake halitoshi. Kaskazini mwa Ulaya, takriban watu wanne katika kumi walio wazima kabisa wanalo.

Jeni nyingine nitazipitia haraka. Mwaka 2004 iligundulika tofauti katika jeni ya PTPN22, kwenye kromosomu ya kwanza, ambayo husaidia kudhibiti ukali wa chembe za kinga. Baadaye zikaja nyingine na nyingine. Mwaka 2014, Yukinori Okada na wenzake walikusanya taarifa za watu zaidi ya 100,000 wenye asili ya Ulaya na Asia, wakataja maeneo 101 ya vinasaba yanayohusika. Mwaka 2022 hesabu ilifika 124. Ukiondoa HLA na chache nyingine, kila moja inaongeza hatari kwa kiasi kidogo, mara nyingi asilimia 10 au 20. Ni tofauti za kawaida, zimetapakaa kwa wasio wagonjwa na kwa wagonjwa.

Hapa ndipo ninapotaka kulijibu lile swali la pili, la upande gani. Ugonjwa unaotegemea sehemu zaidi ya mia moja za vinasaba hauna upande. Kila aliye ukumbini humu amebeba baadhi yake, nikiwemo mimi. Mtoto amepokea nyingine kwa baba, nyingine kwa mama, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa hawajaumwa hata siku moja. Nimeshuhudia ndoa zikitikisika kwa neno "ukoo wao una ugonjwa". Nimeshuhudia mama mkwe akimkataza mwanawe asimpeleke mke hospitali, ati akatibiwe kwao alikoutoa. Nimeshuhudia mchumba akiachwa baada ya posa kwa sababu shangazi yake alikuwa na mikono iliyopinda. Sayansi hii tunayoizungumza haimpi mtu yeyote ruhusa ya kufanya hivyo. Wale wanaosema mgonjwa amelogwa na wale wanaosema amekuja na laana ya kwao wanakutana mahali pamoja: wote wanatafuta wa kumlaumu, na wakati huo mifupa inaliwa.

Kama vinasaba havitoshi, ni nini kinachoongezeka? Sigara ndiyo iliyothibitishwa kuliko vyote. Nchini Sweden, Lars Klareskog na wenzake wa Taasisi ya Karolinska walionyesha mwaka 2006 kwamba mtu mwenye nakala mbili za lile toleo la HLA, halafu anavuta sigara, hatari yake ya kupata baridi yabisi yenye kingamwili hizi ilikuwa mara 21 ya mtu asiyevuta na asiye na toleo hilo. Mara 21! Moshi unayachoma mapafu, arjinini inageuzwa sitrulini humohumo mapafuni, na mwenye kijishimo cha hatari anaipokea. Huwezi kubadilisha kiganja ulichozaliwa nacho, lakini unachokiweka juu yake unaweza. Ndiyo maana mtu mwenye mzazi anayeugua, mimi simwambii habari ya sigara kama ninavyowaambia wengine. Namsihi.

Utafiti huohuo wa Sweden ulionyesha pia madhara ya vumbi la mawe lenye silika. Ninawafikiria kina mama wanaoponda kokoto barabarani bila hata kitambaa puani, na vijana wa machimboni. Na kuna fizi: bakteria mmoja wa ugonjwa wa fizi, Porphyromonas gingivalis, ana kimeng'enya chake mwenyewe cha kutengeneza sitrulini. Fizi zinazotoa damu kila ukipiga mswaki zinastahili kutazamwa na daktari wa meno.

Sasa nije kwetu Afrika, na hapa mtanisamehe nikipandisha sauti.

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba baridi yabisi karibu haipo kwa Waafrika. Kulikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Katika Igbo-Ora, mji wa kijijini nchini Nigeria, watafiti waliwachunguza watu wazima wapatao 2,000 na hawakumpata mgonjwa hata mmoja. Matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Lakini mapema zaidi, mwaka 1975, Afrika Kusini ilikuwa imetoa picha nyingine. Miongoni mwa Watswana wa vijijini ugonjwa ulikuwa nadra sana, ila Soweto, mjini, ulionekana kwa kiwango kinachokaribia cha Ulaya. Vinasaba vya watu havibadiliki kwa safari ya basi kutoka kijijini hadi mjini. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Mafundisho yale yamewaumiza watu. Wapo wagonjwa waliozungushwa miaka kutoka zahanati hadi zahanati, wakitibiwa malaria ya kudumu na taifodi isiyoisha, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke Mwafrika wa miaka 35 anaweza kuwa na ugonjwa huu. Wanapofika kwetu, vidole vimeshaelemea upande.

Na vinasaba vyetu je? Ile tofauti ya PTPN22 iliyotangazwa sana, kwa Waafrika karibu haipo. Lile toleo la HLA lipo, lakini kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika hukutwa kwa uchache kuliko kwa Wazungu. Kwa hiyo kuna wagonjwa wetu wengi ambao wamefika kwenye ugonjwa uleule kwa njia ambazo bado hazijachorwa. Zinaweza kuchorwa tu kwa damu yetu na kwa ridhaa yetu. Mwaka 2019 ilihesabiwa kwamba katika watu wote walioshiriki tafiti kubwa za vinasaba duniani, za magonjwa yote, wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2 hivi, na wa asili ya Ulaya asilimia 78. Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lolote, nasi ndio tuliosomwa kidogo kuliko wote.

Matokeo yake mnayaona hata sokoni. Siku hizi kuna vipimo vinavyouzwa mtandaoni: unatema mate kwenye kichupa, unatuma, unaletewa alama ya hatari yako. Hesabu za vipimo hivyo zimetengenezwa zaidi kwa watu wa Ulaya, na zikipelekwa kwa mtu wa asili nyingine hupotoka. Usipoteze fedha yako. Wala daktari asikuambie huna baridi yabisi kwa sababu huna alama ya HLA. Siku mtafiti mwenye kibali halali atakapokuja kuomba damu kwa ajili ya utafiti wa namna hii, msimkimbie. Mwulizeni atafanya nini nayo, itahifadhiwa wapi, nani ataisoma, na ninyi mtarudishiwa nini. Akijibu vizuri, kubalini.

Nikuachieni yale ya kufanya. Nchini Uholanzi walizipima sampuli za zamani za watu waliochangia damu kisha miaka baadaye wakaugua, na karibu nusu yao walikuwa tayari na kingamwili kabla ya kidole chochote kuvimba, wengine zaidi ya miaka kumi kabla. Ugonjwa unaanza kimya. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza na Uholanzi, lililowapa watu 213 wenye maumivu na kingamwili, lakini wasio na uvimbe bado, dawa ya sindano iitwayo abatasepti au sindano isiyo na dawa, kwa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka walioingia kwenye ugonjwa walikuwa asilimia 6 kwa waliopewa dawa, na 29 kwa wenzao. Dawa ilipoachwa tofauti ilipungua: baada ya miaka miwili ilikuwa 25 kwa 37. Ni ghali na si tiba ya kuwaahidi leo. Ila imeonyesha kwamba kuna muda kabla ya mlango kufungwa.

Kwetu muda huo tunautumia hivi. Mwenye mzazi au ndugu anayeugua, akiona vifundo vya mikono au miguu vimevimba pande zote mbili, na asubuhi vinakaza kwa zaidi ya nusu saa, asisubiri miezi. Aende hospitali na aanze kwa kusema, "Mama yangu ana baridi yabisi," maana daktari anaweza asiulize. Asinunue vile vidonge vinavyofungwa kwenye bahasha bila jina. Vingi ni steroidi, vinatuliza wiki mbili, vinavimbisha uso, vinapandisha sukari, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Dawa ya msingi ni methotrekseti, ya miaka mingi na ya bei inayofikika. Hunywewa mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki, kamwe si kila siku, na mwanamke anayetarajia kushika mimba lazima azungumze na daktari wake kwanza. Ikianzwa katika miezi ya mwanzo, wengi hurudi kwenye cherehani na kwenye jiko lao.

Walioleta ndugu zao, meza yetu iko pale mlangoni, muuguzi ataitazama mikono ya kila atakayetaka. Sasa nakaribisha maswali, tuanze na kina mama waliokaa nyuma.